Kuta hazina kosa: muziki wa usiku katika nyumba ya Mji Mkongwe

*"Assalamu alaykum mtaalamu. Nimekodi sehemu ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja. Chini kuna ua wa katikati usio na paa, chumba kirefu cha kulia na jiko; ghorofa ya kwanza nina ukumbi mmoja. Ni mkahawa wa watu wapatao arobaini. Alhamisi na Ijumaa kuna taarab ndogo uani: udi, ganuni, fidla, dumbak na mwimbaji mwenye maikrofoni. Jumamosi kidumbak, ile ngoma ya kuchezeka iliyo ndugu ya taarab, kinapigwa ukumbi wa juu. Miaka miwili hatukuwa na tatizo. Sasa nyumba ya mkabala imegeuzwa nyumba ya wageni, na familia inayoishi juu ya ule ukumbi nayo imeanza kulalamika. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, ameshaniita mara mbili. Fundi mmoja ananiambia nipige kuta plasta ya sementi kisha nibandike sponji na trei za mayai. Mwingine anataka kufunika ua kwa turubai. Nina fedha ya kufanya jambo moja kubwa tu. Nifanye lipi?"*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwa ufupi, hofu yako ni kwamba mtaa umebadilika na wewe ukabaki ulivyo, na sasa unatakiwa ununue ukimya kwa fedha ambayo haitoshi kukosea. Basi tuanze na yale ya kutofanya, kwa sababu mapendekezo yote mawili uliyopewa yatakula fedha yako na Jumamosi ijayo sheha atakuita mara ya tatu.

Plasta ya sementi kwanza, maana hiyo ina madhara hata ukiacha habari ya muziki. Ukuta wa nyumba yako ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka ardhini mwaka mzima, na huyatoa kwa kukauka kupitia plasta ya chokaa. Ukiuziba kwa sementi, maji hayaachi kupanda. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya plasta. Baada ya misimu michache plasta inavimba, inalia tupu ukiigonga, kisha inaanguka na uso wa jiwe ukiwa umeshikamana nayo. Unyevu ukifika kwenye ncha za boriti zilizolala ndani ya ukuta, zinaoza mahali usipopaona. Na yote hayo kwa faida gani ya sauti? Hakuna. Ukuta wako tayari una uzito wa mamia ya kilo kwa kila mita ya mraba. Sentimita 2 za sementi ni kama kuongeza kijiko cha maji baharini.

Sponji na trei za mayai ni kosa la aina nyingine: watu wanachanganya kunyonya sauti na kuzuia sauti. Kitu kinachonyonya kinapunguza mwangwi ndani ya chumba. Kinachozuia ni uzito usio na mwanya. Sponji ya sentimita 5 inafanya kazi vizuri kwa sauti za kati na nyembamba tu, kama zile "s" na "sh" za mwimbaji na mlio wa nyuzi za juu za ganuni. Besi yenye mitetemo 60 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 6. Inaipita sponji kama haikuiona. Trei ya mayai hata hizo sauti nyembamba inazigusa kidogo sana. Tena sponji ya godoro ikishika moto hutoa moshi wenye sumu kwa haraka mno, na wewe una jiko hatua chache kutoka kwa wateja. Hilo peke yake linatosha kuikataa.

Turubai juu ya ua? Kitambaa cha chini ya kilo moja kwa mita ya mraba hakizuii dumbak. Kitazuia mvua, na kitazuia hewa pia: ua katika nyumba hizi ndio bomba la kutolea joto, hewa ya moto inapanda pale na kuvuta ya baridi kutoka vyumbani. Ukiufunika utapika wateja wako na muziki utatoka vilevile.

Sasa njia ambayo sauti inapita kweli. Chukua ukuta wenye eneo la mita 10 za mraba. Wenyewe unapunguza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 na zaidi. Mlango wako una mwanya chini, tuseme sentimita 2, na upana wa mita 1.5. Hilo ni tundu la sentimita za mraba 300 tu, ukilitazama unaona si kitu. Lakini tundu hilo linaushusha ukuta mzima hadi desibeli 25. Ukiongeza unene wa ukuta mara mbili, jibu linabaki 25. Dirisha likiachwa wazi, unabaki na kama 10 au 15. Ndiyo maana nasema kuta hazina kosa. Sauti yako inatoka chini ya mlango, kwenye madirisha ya luva, kwenye kile kidirisha cha vyuma juu ya mlango, na kwa ukubwa kuliko vyote kwenye ua, ambao ni tundu lenye ukubwa wa ua wenyewe.

Halafu kuna njia ya pili ambayo haihitaji tundu, nayo ndiyo inayoisumbua familia ya juu. Ni mtetemo. Sakafu ya ghorofa yako ni boriti za mikoko, juu yake mawe, juu yake zege ya chokaa. Ni nzito, lakini imelala moja kwa moja juu ya kuta zile zile zinazobeba sakafu ya jirani wa juu. Kidumbak kina sanduku: lile boksi la mbao lenye mti na kamba moja, ndilo besi ya kundi zima, na linapigwa likiwa limekaa sakafuni. Kila kamba inapovutwa, sanduku linaipiga sakafu. Sakafu inausukuma ukuta, na ukuta unaipeleka besi juu hadi miguuni mwa kitanda. Watu wa juu watakwambia "tunausikia muziki kifuani". Waamini, hawatii chumvi. Wakicheza wageni wako msewe au wakipiga miguu kwa furaha, inazidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: kidumbak kishuke chini Jumamosi hii hii. Sakafu iliyokaa juu ya ardhi haina pa kuupeleka mtetemo isipokuwa ardhini, na ardhi inaumeza. Hata chini, liweke sanduku juu ya ubao wa plaiwudi wa milimita 18, na chini ya ubao tabaka mbili za raba nene. Hakikisha ubao haugusi ukuta. Ukumbi wa juu uache uwe wa kula na kuzungumza.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja zaidi, pima. Programu ya simu inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa, lakini inafaa kulinganisha kabla na baada kwa simu ile ile. Omba ruhusa usimame kwenye dirisha la chumba cha kulala cha nyumba ya wageni, na kwa familia ya juu. Pima dakika 15 muziki ukiwa unaendelea, kisha dakika 15 umezimwa, saa tatu usiku na tena saa tano. Ukiazima kipimo halisi chenye skeli A na C, soma zote mbili. Skeli A huidharau besi kama sikio linavyofanya kwa sauti ndogo; skeli C haiidharau. C ikiizidi A kwa desibeli 15 hadi 20, tatizo lako ni besi, na milango peke yake haitalimaliza.

Katika vipimo hivyo vya muziki kuzimwa, sikiliza kwa makini. Mara nyingi kinacholalamikiwa kwa jina la "muziki" ni feni ya kutolea moshi jikoni iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta na inavuma hadi saa saba, au jenereta kichochoroni, au wateja ishirini wanaoagana mlangoni saa sita huku bodaboda zikipiga honi. Kichochoro cha Mji Mkongwe ni kama bomba. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, lakini kati ya kuta mbili ndefu inapungua kidogo tu. Feni ifungwe juu ya raba na izimwe jiko linapofungwa. Nyimbo mbili za mwisho ziwe za taratibu, kisha pitisha kahawa na halua ili watu waondoke wawili watatu, si kundi zima kwa mkupuo. Haya ni madogo, ila jirani anaona kwamba umemsikia.

Lengo la kufikia ni lipi? Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala na 45 nje ya dirisha lililo wazi usiku. Itumie hiyo 45 kama alama yako ya kazi. Kuhusu sheria, usichukue karatasi ya NEMC, baraza la mazingira la Bara, ukadhani imekwisha. Zanzibar ina mamlaka yake ya mazingira, ZEMA, na wao ndio wa kuwauliza kiwango cha eneo lako. Kibali cha maonyesho ya muziki ni cha BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, na chochote utakachogusa kwenye jengo ni cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na wakaguzi wanajua kuhesabu madirisha.

Tufanye hesabu ya ua kwa ukweli. Mwimbaji mwenye spika anatoa kama desibeli 80 umbali wa mita 2. Dirisha la jirani liko mita 16, yaani umbali umeongezeka mara mbili, mara tatu mfululizo. Punguza 18, unabaki na 62. Hapo nimesahau kwa makusudi kwamba kuta za ua zinarudisha sauti na kuipandisha juu, kwa hiyo ni zaidi. Kutoka 62 hadi 45 ni safari ambayo hakuna pazia wala mmea wa chungu utakaokufikisha. Udi na sauti ya mtu bila spika vitakuwa karibu na 50: vinavumilika jioni, havifai usiku wa manane. Kwa hiyo ua uwe wa taarab isiyo na spika mpaka saa nne usiku, ukinyamaza wakati wa Isha, na baada ya saa nne ua uwe kimya. Najua ua ndio uzuri wa mahali pako. Lakini hakuna fundi atakayekuuzia ua ulio wazi na usiotoa sauti.

Kama unaona lazima pawe na spika uani hadi saa nne, zibadilishe mpangilio. Spika mbili kubwa upande mmoja zinalazimika kupaza ili meza ya mita 8 isikie. Ukiweka spika ndogo 4 hadi 6, kila moja mita 2 kutoka kwenye meza, zikitazama chini kwa wateja, kila spika inaweza kushushwa desibeli 12 na meza ikasikia vilevile. Zikipiga pamoja zinarudisha sehemu ya hizo 12, lakini bado umebaki na faida. Kwenye miksa bonyeza kitufe cha kukata besi, ambacho kwa kawaida hukata kuanzia mitetemo 80 au 100, kwa kila maikrofoni. Sauti ya mwimbaji haipotezi chochote cha maana. Spika ya besi iondoke kabisa uani.

Basi fedha yako ya jambo moja kubwa iende kwenye kile chumba kirefu cha chini. Vyumba hivi vina upana wa mita 3 hivi kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi, na kama chako kina urefu wa mita 8, kitabeba wasikilizaji 20 hadi 25 waliokaa pamoja na kundi lako. Hakitabeba arobaini mezani. Hiyo ndiyo hasara ya mpango huu, na ni bora uijue leo: baada ya saa nne unauza nafasi ya kusikiliza, si ua mzima.

Mlango wa nakshi wa kichochoroni usiguswe, usitobolewe. Mfaa, ule ubao wa katikati uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja, unafunika mwanya wa kati vizuri kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu uko chini na juu. Jenga mlango wa pili ndani, mita 1 hadi 1.5 nyuma ya ule wa zamani, ili pawe na kijichumba baina yao. Uwe wa mbao ngumu tupu ya milimita 40 au zaidi, au plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, si ule mlango mwepesi wenye uwazi ndani. Raba ya kubana izunguke pande zote nne, na chini pawe na kizingiti cha kuegemea. Fremu isimame kwa miguu yake na kubanwa kwa kabari za mbao na chokaa. Skrubu kwenye matumbawe hulegea na kuvunja jiwe. Ufunguke kuelekea nje, na chumba kiwe na mlango wa pili wa kutokea kwa ajili ya moto. Mtu akiingia, mlango mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Bila mhudumu wa kusimamia hilo, kijichumba ni pambo. Mlango wa kuelekea uani nao utengenezwe hivyo hivyo, la sivyo umeziba dirisha ukaacha dari.

Madirishani ukuta mnene unakusaidia, kwa sababu una kina cha kutosha. Luva za nje zibaki. Upande wa ndani tengeneza kibao cha plaiwudi cha milimita 18 chenye raba ukingoni, kinachoingia kwenye shimo la dirisha na kubanwa kwa komeo, kikiwa sentimita 20 au zaidi kutoka kwenye luva. Asubuhi unakitoa na chumba kinapumua.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Umeziba kila kitu, na ndani kuna watu 30 pamoja na wapigaji. Kila mmoja anatoa joto la karibu wati 100, jumla kilowati 3, bila taa. Saa nne na nusu mtu anafungua dirisha na fedha yako yote inatoka nje pamoja na sauti. Panga hewa kabla ya kuagiza plaiwudi: viyoyozi viwili vya BTU 12,000, na hewa safi ya lita 250 hadi 300 kwa sekunde kupitia kisanduku cha plaiwudi chenye kona mbili, ndani kimetandikwa pamba ya madini ya sentimita 5. Sauti inachoka kwenye kona, hewa inapita. Mashine za nje za viyoyozi zisikae upande wa kichochoro, wala chini ya dirisha la jirani, usije ukabadilisha kelele kwa kelele.

Ndani ya chumba, sasa ndipo vitu laini vina kazi. Kuta tupu za chokaa zinarudisha sauti, watu wanapaza ili wasikizane, mpiga fidla naye anaongeza. Mazulia, mito ya kukalia, mapazia mazito, na mita 12 za mraba za paneli za pamba ya madini za sentimita 10 zilizofunikwa kitambaa, zikisimama kwenye fremu zenye miguu na kuachana na ukuta sentimita 5 hadi 10 ili ukuta ukauke. Faida yake ni desibeli 2 au 3 tu. Faida kubwa zaidi ni kwamba maneno yanasikika, kwa hiyo mwimbaji hahitaji kupandishwa.

Dari ya kuning'iniza chini ya boriti nimeiacha mwisho makusudi. Inasaidia kweli dhidi ya familia ya juu, lakini tabaka mbili za jipsam ni kama kilo 20 kwa mita ya mraba. Kwa chumba chako hizo ni karibu kilo 480 kabla ya fremu. Mzigo huo usitundikwe kwenye boriti za zamani. Unahitaji boriti mpya zinazojitegemea kutoka ukuta hadi ukuta, kibali, na vifuniko vya kufungua ili uone kama kuna mchwa au maji yanavuja. Ikiwa umeshusha kidumbak na umepima ukakuta bado juu wanasumbuka, basi tuzungumzie dari. Kabla ya hapo, hapana.

Kuna mambo ya kutoamua kwa kusoma tu. Ukiona ufa mpya, unga mweupe wa chumvi unaorudi kila ukipangusa, njia za udongo za mchwa, au boriti iliyopinda chini, mwite mhandisi anayejua majengo ya chokaa kabla ya fundi yeyote wa sauti. Kipande kikubwa cha Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu la hapo Mji Mkongwe, kilianguka Disemba 2020, na hilo lilikuwa jengo ambalo kila mtu alilitazama kila siku. Kwenye ukumbi wako wa juu unaweza kuanza mwenyewe: chukua bisibisi nyembamba na uchome kila boriti pale inapoingia ukutani, pande zote mbili. Mti mzima utakataa baada ya milimita mbili tatu. Ikizama bila nguvu, watu wasikae tena ukumbini humo wala chini yake, hata wa kula kimya, mpaka mhandisi amefika.